Spaino (ganzi ya sindano ya mgongoni) unadunga wapi? Pingili za kiuno sio tano kwa kila mtu

Mi natoa ganzi theata hapa Kigoma, wagonjwa wangu wengi ni akina mama wa upasuaji. Wadogo zangu mnaojifunza kutoa dawa ya usingizi mnaniulizaga sindano inaingia wapi, nawajibu L3-L4 au L4-L5, yaani nafasi kati ya pingili za kiuno, L1 ikiwa ya juu na L5 ya chini, ila hizo namba hazijaandikwa mgongoni kwa mtu.

Hatua ya kwanza, muulize na umkague mgongo mzima. Ukikuta kishimo, kishungi cha nywele au uvimbe katikati ya kiuno simama hapohapo, ugwe mgongo wake (ile kamba ya neva ndani ya uti, ambayo sindano haitakiwi kuigusa) unaweza kuwa umeshikiliwa chini kuliko kawaida, ita mkubwa wako.

Ya pili ni mkao. Namwambia mama inama kama unafua kwenye beseni, anaelewa mara moja.

Ya tatu, shika juu ya mifupa ya nyonga pande zote mbili uunganishe mstari, huo ndo mstari wa Tuffier, kawaida unapita L4 au nafasi ya L4-L5. Kwa mjamzito na mnene vidole vinakudanganya unajikuta juu zaidi. Uingereza mwaka 2000 walipima kwa MRI, madaktari wa usingizi walipatia nafasi asilimia 29 tu, na mara nyingi walikuwa juu kwa nafasi moja.

Ya nne ndo naomba mkae nayo. Kuna watu L5 imeungana na sakramu (mfupa wa chini ya kiuno), wamebaki na pingili nne za kiuno zilizo huru, na wengine S1, pingili ya kwanza ya sakramu, imejitenga wakawa kama na sita. Sasa wewe unahesabu kutoka chini, nafasi ya kwanza unaiita L5-S1, kumbe kwa huyu wa pingili nne ni L4-L5, ukipanda unayoiita L3-L4 ni L2-L3 kabisa! Na ugwe kwa mtu mzima unaishia karibu na L1-L2 lakini wapo unaofika mpaka L3. Kwa mwenye pingili sita kosa linakupeleka chini, huko kuna nafuu. Kwa hiyo kama ana eksirei ya kiuno iangalie kwanza, altrasaundi ikiwepo hesabu nayo kuanzia sakramu, na ukibaki na wasiwasi shuka nafasi moja, usipande.

Nilivyokuwa mgeni kwenye kazi nilidunga mama mmoja aliyetoka vijiji vya ziwani huko kusini, akashtuka mguu kama kapigwa shoti. Nilichomoa bila kusukuma dawa nikashuka chini, alipona vizuri namshukuru Mungu, ila usiku ule sikulala.

Basi hatua ya tano ni hiyo, mgonjwa akisema shoti au maumivu makali ya mguu usisukume hata tone, chomoa. Maji ya uti wa mgongo yakitoka safi na yeye ametulia, ndo unatoa dawa taratibu.

Kwenye faili andika "L4-L5 kwa kukadiria", na kama eksirei ilionyesha pingili nne iandike kwa herufi kubwa, maana mama huyo atarudi na mimba nyingine atamkuta mtu mwingine zamu.