Mshipa wa fahamu ukikatika: namna ya kuyapima matibabu ya kupandikizwa seli

Mchumaji wa karafuu aliyeanguka mkarafuuni akavutika bega, au kijana aliyejikata kifundo cha mkono kwa panga, huweza kupona jeraha la juu na bado mkono ukawa hauna habari: vidole vina ganzi na kiganja hakikunjiki. Hapo ndipo jamaa huanza kuletewa sifa za seli zinazopandikizwa nchi za nje, na hapo ndipo panapotaka utulivu.

Kwanza, msingojee. Mpelekeni mgonjwa hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, kwa walioko Pemba, au Mnazi Mmoja kwa walioko Unguja, mkaeleze bayana ganzi ilianza lini. Mshipa wa fahamu, ule unaopeleka hisia na amri za kusogeza viungo, uliokatwa na kitu chenye makali hushoneka vyema zaidi katika siku za mwanzo. Uliovutwa huweza kuangaliwa kwa miezi kadhaa, kwani mwengine hujirudi wenyewe.

Kisha pigeni hesabu. Nyuzi za mshipa huota takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundo hadi ncha ya kidole, tuseme sentimita 18, ni miezi 6. Kutoka begani hadi kiganjani, sentimita 60 na zaidi, hukaribia miaka 2, ilhali msuli uliokosa mshipa kwa mwaka na nusu aghalabu huwa umeshasinyaa hata hauitiki tena. Seli za Schwann, zilizopewa jina la Mjerumani Theodor Schwann, ndizo zinazosafisha mabaki ya uzi uliokufa na kuuonesha uzi mpya njia, lakini zikikaa muda mrefu bila uzi hudhoofika. Kwa sababu hiyo watafiti huzitoa katika kipande cha mshipa wa mgonjwa mwenyewe, wakazizalisha maabara na kuzirejesha penye pengo. Wengine hujaribu seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyengine, za uboho au za mafuta ya mwili.

Haya bado ni majaribio. Pengo likiwa refu, tegemeo la madaktari ni kupandikiza mshipa wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi ule wa nyuma ya muundi, ambao ukitolewa huacha ganzi ubavuni mwa mguu. Anayewaahidi seli muulizeni zinatoka kwa nani, kamati gani ya maadili imeidhinisha, na kwa nini mgonjwa alipishwe ilhali yeye ndiye anayejaribiwa. Kwa maoni yangu, akishindwa kujibu hilo la mwisho, mikarafuu isiuzwe kulipia seli hizo.

Wakati wa kungoja, vikunjeni na kuvinyoosha viungo kila siku msije mkavikuta vimekakamaa, na mkono wenye ganzi usikaribie seredani, kwani utaungua bila mwenyewe kujua. Kila mwezi gongeni kwa ncha ya kidole juu ya njia ya mshipa, kuanzia chini kupanda. Panaposisimka kama umeme patieni alama, mwandike na tarehe, mumpelekee daktari aone kama alama inateremka, yaani nyuzi zinaota.