Chupa ya kumbukumbu: ikauke kwanza, ndipo ijazwe

Ukitaka kumtengenezea umpendaye chupa ya kumbukumbu, yaani chupa ya vikaratasi ulivyomwandikia kumbukumbu zenu, chagua ya kioo yenye mdomo mpana, uioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha uiache wazi kwa saa 24, kwa sababu unyevu mdogo tu uliobaki ndani huweza kufanya karatasi ziote ukungu na wino utawanyike. Gundi ya lebo iliyong'ang'ania hulainika ukiipaka mafuta ya kupikia nusu saa kabla ya kuosha.

Kazi hasa imo katika vikaratasi. Andika 52, ili afungue kimoja kila wiki kwa mwaka mzima, na kila kimoja kibebe jambo moja mahususi: badala ya "nakupenda sana, mama", mwandikie "usiku ule uliponishonea begi langu la shule, nililala nikisikia mkasi wako mezani." Mimi huandika kwa penseli, maana haififii kwa mwanga kama wino wa kalamu nyingi, na kwa mwandiko wangu mwenyewe, hata usipopendeza, kwani huo ndio atakaoutambua.