Ukimpeleka mgeni wa nyumbani Gugong, Beijing

Ukiishi China, uwe unasoma Beijing au unafanya biashara Guangzhou, mgeni wa nyumbani atakuomba umpeleke kwenye kasri la wafalme, Gugong. Msiondoke tu asubuhi mkidhani mtakata tiketi mlangoni. Zinakatwa mtandaoni kwa jina na namba ya pasipoti, kuanzia siku 7 kabla, na za siku mpya hutolewa saa 2 usiku kwa saa za Beijing. Kuanzia Aprili hadi Oktoba ni yuan 60, miezi mingine 40. Jumatatu pamefungwa, isipokuwa ikiangukia sikukuu ya kitaifa. Wiki ya kwanza ya Oktoba achana nayo kabisa. Nchi nzima iko likizo.

Kila mtu abebe pasipoti yake yenyewe. Na kama mgeni amefikia kwako badala ya hotelini, mwandikishe kwa polisi wa mtaa ndani ya saa 24 tangu afike. Wengi wetu hulisahau hili, na ni sheria.

Kuingia ni kusini tu, lango la Wumen. Ukishukia kituo cha treni cha Tiananmen Mashariki utakutana na foleni za ukaguzi. Ukiwa na mzee, ni nafuu teksi iwashushe upande wa Donghuamen, lango la mashariki, kisha mtembee taratibu kando ya handaki la maji hadi Wumen.

Sasa, ndani. Watu wetu wengi hunyoosha katikati, wanapiga picha mbele ya Taihedian, ukumbi mkuu wa kasri, wanatokea kaskazini na kusema wameona nyua kubwa tu. Wamekosa mengi. Huko katikati hamruhusiwi kuingia kumbini, mnachungulia mlangoni huku mkisukumana, na nyua za mbele hazina hata mti wa kivuli. Bebeni maji na kofia.

Mwonyeshe mgeni mapipa makubwa ya shaba yaliyo kando ya kumbi. Yalijazwa maji ya kuzimia moto, maana kasri lote ni la mbao. Mwaka 1421, hata mwaka haujapita vizuri tangu ujenzi ukamilike, radi iliteketeza kumbi tatu kuu. Wakati wa baridi waliwasha moto chini ya mapipa ili maji yasigande. Yaliyopakwa dhahabu yasogelee uyatazame vizuri: yamejaa mikwaruzo, na inasimuliwa kwamba askari wa kigeni waliovamia Beijing mwaka 1900 waliikwangua dhahabu hiyo.

Aliyejenga hapa, kati ya 1406 na 1420, ni mfalme Yongle. Ndiye aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415, ujenzi ukiwa bado unaendelea, na watu wakamwona ni qilin, mnyama wa heri wa masimulizi yao. Ukiwa na watoto wasimulie hilo mapema. Wataingia wakijua kwamba pwani yetu na ufalme huu walijuana zamani sana. Baada yake wafalme waliendelea kukaa humu, jumla 24 pamoja naye, hadi Puyi, wa mwisho wao, alipovuliwa enzi mwaka 1912 na kufukuzwa kasrini 1924.

Muda wenu mwingi uwekeni upande wa mashariki, kwenye jumba la hazina. Ni yuan 10 zaidi, katieni pamoja na tiketi kubwa. Huko kuna ukuta wa madragoni 9 wa vigae vya rangi, na kisima chembamba ambamo Zhen, suria wa mfalme, alitumbukizwa mwaka 1900. Jumba la saa nalo ni yuan 10, na watoto hulipenda.

Mkiwa na nguvu, tokeni kaskazini mvuke barabara hadi kilima cha Jingshan. Juu mtaona mapaa yote ya njano kwa pamoja. Kama mgeni magoti yanamsumbua, rudini mtokee Donghuamen. Ngazi za Jingshan ni nyingi.