Kuchukua kipande cha ini kwa mgonjwa mnene: ninavyofanya mimi

Kabla hujagusa sindano, jiulize kama inahitajika kweli. Piga FIB-4, hesabu ya kukadiria kovu la ini: umri mara AST, gawanya kwa chembe sahani (za kugandisha damu) zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT. AST na ALT ni vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu. Ikiwa chini ya 1.3, kovu kubwa haielekei kuwepo. Mgonjwa aendelee na lishe, mazoezi na kliniki ya sukari. Ikizidi hapo, mpime ugumu wa ini kwa FibroScan, mashine inayopima juu ya ngozi bila kuchoma, ukitumia kichwa chake cha XL pale ini lilipo zaidi ya sentimita 2.5 kutoka kwenye ngozi. Sindano ibaki kwa yule ambaye vipimo vyake vinapingana, au unayehisi ana ugonjwa mwingine wa ini.

Chagua njia. Wengi huchukuliwa kupitia ngozi. Mwenye maji tumboni au damu isiyoganda vizuri apitishiwe kwenye mshipa wa shingo, maana damu ikivuja inarudi mshipani; ila vipande vyake huwa vyembamba. Anayefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, achukuliwe mwanzoni kabisa: ini likishikwashikwa muda mrefu, chembe nyeupe hujikusanya na kumchanganya mpatholojia. Tena tumia sindano iingie ndani. Kipande cha kabari kinachokatwa juujuu huonyesha kovu kubwa kuliko lililopo.

Kwa njia ya ngozi, hakikisha chembe sahani ni angalau 50,000 na INR (kipimo cha damu kuganda) haizidi 1.5. Mlaze chali, mkono wa kulia juu ya kichwa. Hapo ndipo upige ultrasaundi na kuweka alama. Ukiweka alama akiwa amekaa halafu akalala, ngozi na mafuta yake huteleza, na alama yako inakuwa juu ya mahali pengine kabisa.

Pima umbali kutoka ngozi hadi ganda la ini. Mama mmoja alilia tulipomchoma, nami nilikuwa nimeshampa ganzi. Kumbe sindano yangu ya ganzi ilikuwa na sentimita 4, ganda liko kwenye 6. Ganzi yote ilibaki kwenye mafuta. Tangu siku ile natumia sindano ndefu ya uti wa mgongo na nafuata ncha yake kwenye skrini hadi igonge ganda.

Pita juu ya ukingo wa juu wa ubavu, kwa kuwa mishipa hukaa chini ya ubavu. Mwambie atoe pumzi yote na aizuie. Choma kwa sindano ya geji 16, toka.

Angalia kipande: kiwe na sentimita 2 hivi, ili mpatholojia apate maeneo ya mlango (panapopita mishipa ya damu na mirija ya nyongo) 11 au zaidi. Ini lenye mafuta mengi ni la manjano hafifu, na mara nyingi kipande huelea kwenye formalini. Kwenye fomu andika uzito, urefu, sukari, pombe na dawa. Omba rangi ya kuonyesha kovu, alama za NAS (za mafuta, uvimbe na kuumia kwa seli) na hatua ya kovu 0 hadi 4, kila moja peke yake.

Baadaye alalie ubavu wa kulia. Mapigo na presha kila dakika 15 saa ya kwanza, kisha kila nusu saa. Maumivu kidogo ya bega la kulia ni kawaida. Yakiongezeka huku mapigo yakipanda, rudisha ultrasaundi haraka. Usitegemee kugusa tumbo, mafuta huficha ugumu. Na mkanda wa presha uwe mpana unaomtosha: mdogo utaonyesha presha nzuri wakati damu inavuja.