Kabla Hujalipa Ada: Hakiki Sifa za Shule ya Sekondari

Vipeperushi vya shule binafsi nchini Tanzania vina madai yanayojirudia: shule imesajiliwa, ina miaka mingi, inafaulisha, imeshika nafasi fulani kitaifa. Yote yanahakikika, na mengi utayahakiki kwa simu tu.

Anza na usajili. Shule husajiliwa na Kamishna wa Elimu na kupewa namba. Ya sekondari huanza na S., ya msingi EM. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu namba ya kituo cha mtihani, inayotolewa na Baraza la Mitihani (NECTA), nayo huanza na S ikifuatiwa na tarakimu nne. Ni namba mbili tofauti, na tarakimu zake mara nyingi hazifanani. Ukitajiwa moja, uliza ni ipi. Omba kuona cheti cha usajili, linganisha jina lililomo na lile la kwenye kibao cha shule, kisha peleka namba kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri au ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya. Umri wa shule nao uhesabu kuanzia tarehe ya cheti. Mwaka uliochorwa getini unaweza kuwa wa jiwe la msingi.

Kwa matokeo, ingia necta.go.tz, fungua CSEE (kidato cha nne), chagua mwaka, tafuta kwa namba ya kituo. Usitafute kwa jina peke yake: majina hufanana, na shule hubadilisha majina. Chukua angalau miaka mitatu mfululizo, maana darasa moja zuri halitoshi. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Mwaka 2014 uruke, kwa kuwa ulitumia mfumo wa Distinction, Merit na Credit.

Nafasi ya kitaifa isikushughulishe sana. Januari 2023, ilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, NECTA iliacha kutangaza shule bora. Shule ikijitaja ya tano kitaifa kwa matokeo ya baada ya hapo, iulize orodha hiyo imetolewa na nani.

Kipimo tunachokiamini kuliko vyote ni idadi ya watahiniwa. Fungua FTNA (kidato cha pili) ya 2022, hesabu waliofanya mtihani, kisha linganisha na CSEE ya 2024 ya kituo hichohicho. Tuseme walikuwa 96, wakabaki 61. Watoto 35 wameenda wapi? Wachache huhama na wazazi, wengine hukariri kidato. Lakini pengo kubwa linalojirudia kila mwaka huonyesha kuwa shule inawachuja wanafunzi dhaifu: inawahamisha, au inawasajili kama watahiniwa wa kujitegemea, ambao namba zao huanza na P na hawahesabiwi kwenye matokeo ya shule. “Hatuna sifuri”, yaani hakuna aliyefeli, inapatikana hivyo pia. Nenda na hesabu hizo kwa mkuu wa shule, mwombe azieleze mwaka kwa mwaka, na mwulize mtoto anayepata wastani wa chini kidato cha pili hufanyiwa nini. Jibu hilo liombe kwa maandishi kabla hujalipa.