Kigari cha mwaka 97 na stika ya ukaguzi: watu wa Mtwara anzeni chini, injini baadaye

Nina Starlet EP91 ya mwaka 1997, ile ya injini 4E-FE cc 1,300, na kila mwaka ukaguzi ukikaribia lazima atokee mtu wa kuniuliza hivi huyo bibi yako stika anapataje. Anapata. Mara moja tu ndo alirudishwa, na wala haikuwa injini, ilikuwa taa ya breki ya kushoto pamoja na tundu la kutu chini ya mlango ambalo mkono wa mtoto unaingia vizuri kabisa, na fundi aliyenipakia pati (ile lipu ya kuzibia bodi) juu ya hilo tundu wiki mbili kabla alishakula hela yake huku ananiambia "bosi hapo hapaonekani". Mkaguzi alipagonga na funguo tu, pakaonekana.

Hapo ndo wengi wenye Starlet, March, Duet na zile Vitz za kwanza tunapokosea. Tunabadilisha plagi, tunamwaga oili, tunaosha injini inang'aa kama sahani za harusi, halafu chini gari inabomoka. Mkaguzi hana shida na gari yako inakunywa mafuta kiasi gani, yeye anataka kujua inasimama, inashika barabara, inaonekana usiku na haitadondosha kipande njiani. Hata Uingereza ambako gari ikitimiza miaka 3 inaanza kukaguliwa kila mwaka, zinazofeli zinafeli sana kwa taa, tairi, breki na miguu (shokapu na viungo vya tairi). Yaani vitu vya kawaida.

Anza mwezi mzima kabla. Sio kwa sababu kazi ni kubwa, ni kwa sababu ya spea. Boljointi (kiungo cha mguu wa mbele) ya Starlet hapa mjini ni ya kubahatisha, unaambiwa itakuja na basi kutoka Kariakoo, ikifika sio yenyewe, unairudisha, na Dar ni kilomita 560 hivi, hapo wiki imeshaondoka. Na kama tarehe yako inagongana na minada ya korosho ndo kabisa, kila mwenye mkweche anautoa ndani kuutengeneza na fundi hashikiki.

Sasa kutu, na hapa nitakaa kidogo maana sisi wa pwani ndo ugonjwa wetu. Hizi gari ndogo hazina chesisi ya peke yake kama pikapu, bodi lenyewe ndo chesisi, kwa hiyo kutu kwenye sakafu au ubavuni chini ya milango sio suala la urembo, ni mfupa wa gari umeoza. Upepo wa bahari unakuja na chumvi, ukilaza gari Shangani au Mikindani inakula chumvi usiku kucha hata kama hujawahi kuikanyagisha ufukweni, na wale mnaobeba ndoo za samaki kwenye buti, yale maji yanashuka mpaka kwenye kishimo cha spea tairi na kukaa humo. Inua zulia la buti uangalie leo leo. Halafu chini ya milango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, ukiwa unapandisha sana Newala au unapita njia za vumbi lile vumbi linaviziba, mvua ikija maji yanabaki ndani na bati linaoza kuanzia ndani kuja nje, kwa hiyo siku unaona kijipele cha rangi ujue ndani kumeshaisha. Chokoa hivyo vitundu na kijiti.

Kupima ni rahisi, tafuta sumaku ndogo, hata ya spika mbovu, ipitishe chini ya milango na kwenye matao ya tairi. Ikigoma kushika hapo kuna pati nene. Kisha gonga na mpini wa bisibisi, bati zima linalia kavu, lililooza linalia bubu. Angalia pia pale juu shokapu za mbele zinapofungwa, ukifungua boneti unapaona. Ukikuta tundu, likatwe mpaka kwenye bati zima, lichomelewe kipande kipya, ndo ipakwe rangi na lami ya chini. Na mwambie fundi achomoe temino za betri kabla ya kuchomelea asije akakuunguzia kontroo boksi (kompyuta ya injini). Pati peke yake usikubali hata akuapie.

Ukimaliza bodi nenda kwenye miguu. Piga jeki tairi ya mbele ining'inie (weka na jiwe au stendi, jeki peke yake usiiamini), ishike juu na chini uitikise. Ikicheza hapo ni boljointi au bearingi, mtu akikanyaga breki wakati unatikisa na mchezo ukaisha basi ni bearingi. Shika kushoto na kulia utikise, ikicheza hivyo ni tairodi (fimbo ya steringi). Chungulia mipira ya cv jointi (viungo vya ekseli ya mbele) kwa ndani, ikichanika grisi inarushwa kila mahali, na mpira ni bei ya chini kuliko cv yenyewe kwa mbali sana. Shokapu kandamiza kona ya gari uachie, inatakiwa ipande na kutulia, ikinesanesa kama ngalawa imekwisha.

Breki. Fungua kopo la mafuta ya breki, yakiwa meusi kama kahawa yamwagwe yote yawekwe mapya, maana yale mafuta yanavuta unyevu hewani, na ukishuka mlima wa Newala breki zikapata moto ule unyevu unachemka unakuwa mvuke, pedo inazama unabaki kusoma dua. Mie nayabadilisha kila miaka 2. Tairi za nyuma fungua dramu, ukikuta umande wa mafuta ndani silinda inavuja, na hapo usiongeze mafuta ukaondoka, badilisha raba zake. Pitia pia vibomba vya chuma vya breki vinavyopita chini kwenda nyuma, ile chumvi niliyoisema na vyenyewe inavila. Hendibreki ijaribu kwenye mteremko, sio uwanjani. Halafu tafuta barabara iliyonyooka haina watu, uende taratibu, shika steringi kilegevu ukanyage breki, ikivuta upande mmoja kuna kipisto kimeganda.

Taa sina maneno mengi, mwite mtu asimame nyuma ukanyage breki, weka riva, indiketa, fuli na dimu, taa ya pleti namba pia, hiyo wote tunaisahau. Balbu mpya ikigoma kuwaka usikimbilie kununua nyingine, safisha pale waya wa ethi unapofungwa kwenye bodi, kutu tena. Taa za mbele zilizokuwa njano piga msasa wa maji namba 1000 kisha 2000, malizia na polishi.

Tairi usiangalie kashata (yale meno yake) peke yake. Kuna vinundu vidogo kwenye mifereji, kashata ikilingana navyo zimebaki milimita 1.6, tairi imeisha. Pembeni kuna namba nne baada ya herufi za DOT, 3114 maana yake wiki ya 31 mwaka 2014. Hizi za mtumba unakuta kashata imejaa tele lakini raba imekauka kama kigae, ina nyufa, na ikinyesha haishiki lami.

Vitu vya kukurudisha kizembe: mtungi wa moto mshale haupo kwenye kijani, pembetatu moja badala ya mbili, mkanda wa kiti haurudi, waipa, honi, kioo cha mbele kilichopasuka usawa wa macho. Na kadi ya gari. Kama injini ilishabadilishwa namba haitasoma sawa na kadi, nenda TRA mapema urekebishiwe, usingoje kuulizwa. Namba ya chesisi kwenye Starlet ipo ukutani nyuma ya injini, isugue na petroli kidogo isomeke, fundi rangi wengine huwa wanapulizia juu yake.

Siku yenyewe nenda asubuhi, gari iwe imeoshwa chini pia, maana iliyojaa tope mkaguzi anahisi unaficha kitu na mie ningehisi hivyo hivyo. Beba balbu mbili tatu, fyuzi na bisibisi, na ming'oko yako ya kusubiria foleni. Akikukatalia muulize akuonyeshe kwa kidole, piga picha na simu umpelekee fundi, ukimsimulia kwa mdomo ataelewa anavyotaka yeye. Zile boljointi na raba za zamani ulizotoa usitupe, ziache kwenye buti, akikuuliza umebadilisha nini unamtolea.