Jinsi ya kutazama miezi ya Jupita ikifunikana ukiwa Arusha au Moshi

Jupita ina miezi minne mikubwa, Io, Europa, Ganymede na Callisto, ile aliyoiona Galileo 1610. Kila baada ya miaka sita hivi mizunguko yao inakaa usawa mmoja na sisi na jua, so mwezi mmoja unapita mbele ya mwenzake na kuuziba, au kivuli chake kinauangukia mwenzake na kuupatwisha. Msimu uliopita ulikuwa 2021, huu ni 2026 mpaka 2027, usiuache upite.

Taa za mjini zisikutishe, miezi hii inang'aa vya kutosha hata ukiwa Sakina au Majengo Moshi. Mlima nao hauzibi, maana Jupita mapema 2027 inapanda juu sana upande wa kaskazini, inaupita Meru kwa mbali. Shida yetu ni mawingu, kwa hiyo jitahidi Januari na Februari kabla masika hayajaanza.

Saa ndo kila kitu. Ratiba za IMCCE, taasisi ya elimu ya nyota ya Paris, ziko kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, unaongeza masaa matatu ndo unageuza kwa saa yetu: 19:42 inakuwa 22:42, yaani saa nne na dakika 42 usiku. 2021 mimi nilitumia apu ambayo ilikuwa imeshaongeza yenyewe, nikaongeza tena, nikatoka nje saa nane usiku wakati tukio lilikuwa saa tano, iliniuma sana. Kagua mara mbili. Halafu chagua tukio ambalo mwanga unashuka sana, yale madogo macho hayayashiki.

Darubini ya milimita 70 inatosha kuanzia. Itoe nje nusu saa kabla ipoe, kisha isogeze kidogo mpaka Jupita yenyewe itoke pembeni, mng'ao wake unasumbua.

Kwenye kuzibana utaona nukta mbili zinasogeleana taratibu mpaka unajiuliza ni moja au mbili, halafu kweli inabaki moja. Kupatwa ni tofauti, nukta iko peke yake tu na inafifia, dakika chache baadaye inarudi, kwa hiyo ilinganishe muda wote na mwezi wa tatu ulio jirani.

Ukirekodi vidio, punguza mwanga wa kamera nukta zisiungue, saa yako iwe sahihi kwa GPS, anza dakika tano kabla na usizime mpaka dakika tano baada ya nukta kurudi kama mwanzo.